Kisima cha Magdaline

Layan, binti wa miaka kumi, alitaka kupanda rola kosta, na sheria ya bustani ilisema mtoto wa kimo chake asipande bila mtu mzima. Mama yake, Madam Hanan, aliutazama mlima wa plasta uliobeba reli zake, uliosimama katikati ya umati wa Alhamisi alasiri, akashika kifua.

"Magda, nenda naye wewe," alisema. "Mimi moyo wa mambo haya mafi, sina."

Magdaline Nekesa alikuwa na mwaka na miezi minne Jeddah, akifanya kazi za ndani kwa Madam Hanan mtaani Al-Rawdah, na kila walipokuja kwenye bustani za michezo kazi yake ilikuwa kukaa kwenye benchi kulinda mabegi. Siku hiyo aliyaweka mabegi miguuni pa madam, akakaza mtandio, akamshika Layan mkono.

Foleni ilipita ndani ya pango. Kandili zilimetameta ukutani, moshi wa udi ulitoka mahali pasipoonekana, na kengele za ngamia zililia kwa mbali, kisha karibu. Sauti ya mzee ilisimulia kwa Kiarabu habari za msafara uliomezwa na mchanga, watu arobaini na ngamia wao, na kila walipokata kona sauti ile ilizidi kushuka, mpaka waliokuwa wakicheka wakaanza kunong'ona. Walipofika kwenye mabehewa viganja vya Magdaline vilikuwa vimelowa, na hata hajakaa.

"Mungu wangu," alijisemea, "nimetoka Kitale kuja kufia huku."

"Hufi, dada," mtu akamjibu kwa Kiswahili. "Chuma cha kukushikilia kitini nakifunga mwenyewe."

Aliinua macho. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye fulana ya kijani ya bustani na suruali iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali. Kibandiko kifuani kilisema Nehemiah.

"Wa wapi wewe?" Magdaline aliuliza.

"Mbale, Vihiga. Kalia hiyo abaya, isichukuliwe na upepo."

"Na ukinifunga vibaya?"

"Basi nitakuja matangani. Chai ya matanga ya kwenu huwa na maziwa?"

Magdaline alicheka bila kutaka. Msimamizi aligeuka kuwatazama, na Nehemiah akaanza kutembea kando ya mabehewa akibonyeza chuma kimoja kimoja na kuhesabu kwa sauti. "Sifuri. Tano. Tano. Nane..." Abiria wengine walidhani anahesabu viti. Magdaline peke yake ndiye aliyeelewa kwamba hakuna anayehesabu viti namna hiyo.

Mnyororo ukawavuta gizani. Akawa anakariri ile namba ya simu huku behewa likipanda, na waliposukumwa kwenye mteremko wa kwanza, mchanga ulioigizwa kwa taa ukawamwagikia usoni, akapiga ukelele ambao hata Layan aligeuka kuushangaa. Aliposhuka alikuwa na tarakimu tisa. Ya kumi ilikuwa imemponyoka mahali fulani kwenye kona ya pili.

Siku iliyofuata, Ijumaa, familia ilikwenda Al-Nuzha kula chakula cha mchana kwa bibi yake Layan, na Magdaline akabaki na nguo za kupiga pasi. Alipiga zile tarakimu tisa, akijaribu ya kumi kuanzia sifuri. Akapokea Mpakistani aliyetaka kujua kiyoyozi kimeharibika vipi. Moja haikupatikana. Mbili alikuwa mama mzee aliyemsomea dua ndefu na kukata. Saba ikapokewa na sauti aliyoijua.

"Nilidhani umefia kwenye kona," Nehemiah alisema.

"Nimesumbua watu sita kwa ajili yako."

"Sita tu? Nilitegemea upendo zaidi."

"Nani kasema upendo? Nilitaka kukuambia chuma chako kilinibana."

Ndivyo zilivyoanza Ijumaa zao. Magdaline alipiga pasi, simu ikiwa kwenye rafu ya vyombo. Nehemiah alikaa kitandani kwake Al-Hindawiyah, ambako walilala Wakenya wanne katika chumba kimoja, akinong'ona kwa sababu wenzake walitega masikio. Waliongea habari za nyumbani, za ikama, kile kibali cha kuishi, za mchele wa huku usioiva kama wa kwao. Mara nyingi, Magdaline alishangaa kuona wanaongea habari za rola kosta.

"Unajua mlima wetu una mita kumi na mbili tu?" Nehemiah alimwambia siku moja. "Hata mnara wa maji wa shule yetu ulikuwa mrefu zaidi. Lakini watu wanalia. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ndiye unayewafunga."

"Nisikilize, mrembo. Ni pango. Mtu anaogopa dakika ishirini kabla ya kukaa. Chuma kinakuja kumalizia kazi tu."

"Na mbona hawarudi mara ya pili?" Magdaline aliuliza. "Layan nilimwomba tupande tena, akakataa. Na hakuwa na woga."

Magdaline aliendelea kupiga pasi kanzu ya baba mwenye nyumba, akifikiri.

"Nafikiri ni ile hadithi," alisema mwishoni. "Watu arobaini wanamezwa na mchanga, kisha mlango unafunguka, unatoka kwenye duka la vikombe. Walifika wapi? Mtoto anatoka na majonzi. Wawekeeni kisima. Baada ya mteremko wa mwisho, mwanga, maji yanatiririka, harufu ya mkate. Wajue wamefika."

"Magda," alisema Nehemiah, na sauti haikuwa ya utani, "rudia hayo polepole niandike."

Nehemiah alipeleka wazo kwa wakubwa wake, na katika mwezi wa pili wa simu hizo kisima kilijengwa. Nehemiah alimweleza kila hatua: pampu, taa ya manjano, kifaa kidogo cha kupuliza harufu ya mkate. Watu wakaanza kushuka na kukimbilia nyuma ya foleni wapande tena. Magdaline alijiona kama aliyejenga nyumba mjini, ingawa hakuna aliyejua. Usiku alilala akiwaza kwamba kuna mtoto asiyemjua aliyecheka leo kwa sababu yake.

Kisha Layan akamletea kompyuta yake ndogo. "Magda, tazama, yule mtu wetu wa rola kosta."

Ilikuwa video ya bustani. Nehemiah alisimama jukwaani kwa suti ya kuazima, mikono mirefu kuliko mikono ya koti, akipokea cheti. Mhandisi Hazem, Mmisri aliyesimamia mitambo, alimuuliza wazo la kisima lilitoka wapi. Nehemiah alitabasamu, akasema kwa Kiingereza, "Lilinijia tu nikiwaza nyumbani." Watu wakapiga makofi. Mtangazaji akaongeza kwamba kwa kazi hiyo anahamishiwa Riyadh, kwenye bustani mpya, kuwa msimamizi.

Ijumaa ilipofika, Magdaline alipokea simu mara moja tu.

"Hongera," alisema.

"Magda, umeona? Nilikuwa nataka kukuambia."

"Lilikujia tu ukiwaza nyumbani."

"Ngoja nieleze..."

"Mimi huku naitwa mfanyakazi, Nehemiah. Naitwa njoo, naitwa yalla. Kitu kimoja tu nilikuwa nacho chenye jina langu. Halas, imekwisha."

Aliifungia namba ya Nehemiah isimpigie tena, akamaliza kupiga pasi nguo zote, kisha akaketi juu ya kikapu cha nguo na kulia.

Januari, shule zilipofungwa, familia ilikwenda Riyadh kumtembelea dada yake madam, na Layan akataka kupelekwa kwenye bustani mpya. Magdaline alijua nani yuko huko. Alivaa abaya nyeusi yenye ukosi wa bluu, ile ya Idi, akajiambia ni kwa sababu ya baridi.

Rola kosta ya Riyadh iliitwa Mshale. Haikuwa na pango wala hadithi. Ilikuwa chuma kitupu cha rangi ya fedha, mita arobaini angani, na mabehewa yalipita kwa ngurumo ya kutikisa meno. Foleni ilinyooka kama ya benki, kila mtu na simu yake. Watu walishuka wamekauka midomo, wakapiga picha, wakaondoka.

Nehemiah alisimama mlangoni na redio mkononi, kofia ya bustani kichwani. Alikuwa amekonda.

"Mimi sipandi," Magdaline alisema.

Madam Hanan alimtazama, akamtazama yule kijana, kisha kwa mshangao wa wote akamchukua Layan na kwenda kupanda mwenyewe. Alirudi akiwa mweupe kama unga, akaketi kwenye benchi, akanywa maji chupa nzima.

"Yule kijana ameniuliza," alisema alipopata pumzi, "kama yule dada anayekuja na mtoto ni mzima. Ndiye wa Ijumaa?"

Magdaline alianza kupanga upya mabegi yaliyokuwa yamepangwa.

"Magda, nina miaka kumi na mitano nikifundisha wasichana. Mtu anayeimba siku moja tu kwa wiki, na ni siku ya pasi, nisijue?" Alimpungia mkono. "Nenda. Mimi na Layan tunakula aiskrimu. Usiniache hapa mpaka Magharibi."

Nehemiah alimwona akija, akamwachia mwenzake redio. Walisimama kando ya uzio, hatua mbili kati yao.

"Sema ulichotaka kueleza," Magdaline alisema.

"Nilificha jina lako kwa sababu ya kafili wako, huyo mwajiri aliyekudhamini. Ningesema dada fulani wa Al-Rawdah huniambia haya kwa simu, ungerudishwa nyumbani wiki hiyohiyo." Alitazama viatu vyake. "Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni kwamba walipiga makofi, na nikayapenda."

"Ungeniambia siku ileile."

"Nilijua. Halafu ukafunga simu, nikajua zaidi."

Magdaline alikuwa amejiandaa kwa visingizio, si kwa hayo. Hasira yake ilikosa pa kukaa, lakini hakuiachia.

"Madam anajua," alisema. "Basi nusu ya kwanza imekwisha. Bado ya pili."

Nehemiah alielewa. Mhandisi Hazem, aliyehamishiwa Riyadh pia, alikuwa umbali wa hatua ishirini, akipekua karatasi. Nehemiah akamwita. Magdaline aliona jinsi shingo yake ilivyotoka jasho katika ile baridi.

"Mhandisi, kile kisima cha Jeddah hakikuwa changu. Kilikuwa cha huyu dada. Nilidanganya jukwaani."

Mhandisi alizikunja karatasi zake, bila kufurahi. "Tutaongea ofisini, mimi na wewe," alisema. Kisha akamgeukia Magdaline. "Na hii unaionaje?"

Hakuna mtu katika nchi ile aliyewahi kumuuliza swali la namna hiyo. Alitazama juu, akachukua muda wake.

"Inatisha, basi. Mtu akishuka hana la kusimulia. Pango hapa halifai, chuma chenyewe ni kirefu mno. Ila ipindeni foleni ipite chini ya reli, pale inaposhuka. Watu waone soli za viatu vya wenzao juu ya vichwa vyao. Wataacha simu."

Mhandisi alitazama reli, akatazama foleni, akatoa kalamu. "Jina lako unaliandikaje?"

Mhandisi alipoondoka, mabehewa yalipita tena kwa ngurumo.

"Unaweza kushushwa cheo," Magdaline alisema.

"Naweza."

"Mkataba wangu unaisha Machi. Narudi nyumbani."

"Wangu ni Agosti. Nikija kwa mzee wako, nitafukuzwa?"

"Inategemea utasema nini."

"Nitasema nataka kumwoa binti yake."

"Binti mwenyewe hujamuuliza."

"Namuuliza, Magda. Utakubali?"

Magdaline alirekebisha mtandio, ingawa ulikuwa sawa. Alimwacha asubiri mpaka yale mabehewa yakakata kona mbili.

"Njoo Agosti," alisema. "Uje na mtu mzima. Na hiyo kofia uiache hukohuko."

Nehemiah alishushwa cheo, kisha foleni ilipopindwa na watu wakaipenda, wakamrudishia. Agosti Nehemiah alifika Kiminini, nje kidogo ya Kitale, na mjomba wake Alfayo, akiwa na suti iliyomtosha mikono. Mzee Norman, baba yake Magdaline, aliwakaribisha sebuleni, akawasha redio, akaizima, akauliza kijana alifanya kazi gani huko Uarabuni.

Nehemiah alieleza reli, mnyororo, na vyuma vya kufunga watu.

"Watu wazima," mzee alisema polepole, "wanapanga foleni ili watishwe?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini?"

Mjomba Alfayo alikohoa. Nehemiah akamgeukia Magdaline aliyekuwa akimimina chai.

"Huyo ndiye anayejua, baba. Mimi nilikuwa nafunga vyuma tu."

Magdaline aliweka birika chini, akavuta kiti, akaketi kati ya wanaume wale watatu, akaanza kueleza.