Gurudumu Lililonyweshwa Maji

Sikilizeni, ndugu zangu wa bondeni na wa barabarani, ninyi wenye matela na ninyi mnaopakia mpunga wenu juu ya matela ya wenzenu. Nina habari ya nyumba moja ya Mohoro. Naisimulia kwa uchungu, maana mwenye nyumba hiyo si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemwacha na mambo yake.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, jua ndiyo kwanza linachomoza. Wanawake walikuwa wakitandaza maturubai ili waanike mpunga, na yangeyange walikuwa wakitembea taratibu kwenye majaruba. Abbasi alikuwa uani kwake akikaza kamba za tela lililofungwa nyuma ya trekta. Juu ya tela palikuwa na kitanda cha mninga chenye mchago uliochongwa maua, godoro lililovikwa nailoni, kabati la vyombo, na masufuria yaliyofungwa pamoja ndani ya kanga. Vilikuwa vyombo vya binti yake, Mwajabu, aliyekuwa anaolewa siku hiyohiyo huko Mkongo, ng'ambo ya mto, baada ya sala ya Ijumaa. Kanzu mpya ya Abbasi ilikuwa imekunjwa vizuri ndani ya mfuko chini ya kiti cha trekta. Uso wake ulikuwa mkunjufu, jambo ambalo majirani hawakulizoea.

Niwaambie kwa nini. Abbasi alikuwa ameishi peke yake miaka na miaka. Mkewe, Zabibu, aliondoka na mtoto wakati Mwajabu hajaanza hata shule, akarudi kwa wazazi wake Mkongo, akafariki hukohuko. Hakupigwa, hakufukuzwa, wala hakuletewa mke mwenza. Alichoshwa na neno moja la mumewe. Paa linavuja, Zabibu anasema, Abbasi anajibu, "Nitaangalia." Mtoto ana kikohozi, mlango hauna komeo, mama mkwe hajajuliwa hali: nitaangalia. Na kweli kila mara alikuwa na nia ya kuangalia. Zabibu akizidi kulalamika, Abbasi anamletea doti ya kanga au kipande cha nguru, kunapoa. Mwisho Zabibu akaacha kabisa kulalamika. Abbasi akafurahi kwamba nyumba imetulia, hadi siku aliporudi akakuta mlango umefungwa na ufunguo uko kwa jirani.

Tangu hapo alikula peke yake na kulala peke yake. Idi ikifika alivaa, akaenda kuswali, akarudi kuketi barazani akisikiliza watoto wa watu wakicheza. Mwajabu alikuwa akimpigia simu mara chache, salamu fupi, basi. Hata alipopata mchumba, ndipo alipompigia baba yake na kuongea maneno mengi kuliko siku zote.

"Baba, wanasema baba mdogo Saidy yupo huku, anaweza kusimama badala yako," alisema. "Mimi sitaki wakala. Nataka uingie wewe chumbani, uniulize wewe mwenyewe kama nimeridhia."

Mnaijua wenyewe desturi yetu: kabla ndoa haijafungwa, walii, yaani baba au anayesimama mahali pake, huenda kwa bibi harusi kumwomba idhini yake. Abbasi akajibu kwamba atakuja, na vyombo atavileta kwa tela lake mwenyewe, hatakodi gari la mtu. Baada ya simu ile alikaa barazani akalia, mtu mzima na ndevu zake. Hilo ndilo alilokuwa analiendea Ijumaa ile: kuingia chumba kile, na kuwa baba tena.

Basi akawasha trekta, akatoka uani, na gurudumu la kushoto la tela likaanza kulia. Lilitoa mlio mwembamba, mrefu, wa kutia ganzi meno. Jirani yake, Mwalimu Nicolaus, mtu wa Songea aliyehamishiwa Mohoro, akatoka na mswaki mdomoni. Mwalimu hakuwa fundi, ila alikuwa na masikio, na mlio ule ulikuwa ukimwamsha tangu mavuno yalipoanza.

"Jirani, gurudumu hilo linalia," alisema. "Safari ni ndefu. Weka jeki tulifungue, mimi nitakushikia spana."

"Nitaangalia, Mwalimu."

"Hata juzi uliniambia hivyo."

Abbasi akacheka, akampungia mkono. Moyoni alijua mwenzake anasema kweli. Ndani ya gurudumu la tela mna beringi, gololi za chuma zinazozunguka ndani ya bangili yake, na gololi zile zinaishi kwa grisi. Grisi ikiisha, chuma kinakula chuma. Abbasi alilijua hilo vizuri. Alikuwa na jeki, alikuwa na spana, alikuwa hata na kopo jipya la grisi, halijafunguliwa, limekaa chini ya kiti palepale palipokuwa na kanzu. Kila siku alisema kesho. Na siku ya Alhamisi, aliyoitenga kwa kazi hiyo, jamaa mmoja akamwomba amsombee mpunga, akaenda kusomba.

Badala yake akafanya kile tunachofanya sote huku bondeni, na msijifanye hamkijui. Tela likilia, tunalinywesha. Unalipitisha kwenye kijito, au kwenye maji ya jaruba, magurudumu yazame, na likitoka limenyamaza. Watu wanasema lilikuwa na kiu. Kiu gani? Maji yanapenya ndani, yanaiosha ile grisi kidogo iliyobaki, yanaacha tope na kutu. Kelele inazimika kwa muda kwa sababu chuma kimelowa, basi. Abbasi akateremka kando ya barabara penye maji, akalipitisha tela polepole, akapanda tena barabarani. Halikulia. Akatabasamu, akashika njia.

Alikuwa peke yake juu ya trekta. Kwa kuwa hakuwa na wa kusema naye, akawa anayajaribu maneno atakayomwambia Mwajabu. "Mwanangu, umeridhia?" Akaona ni makavu. Akajaribu tena: "Mama yangu, ni mimi baba yako, nimekuja kukuuliza." Hapo akakohoa, akaangalia barabara.

Alipovuka Daraja la Mkapa mlio ukarudi. Akavumilia mpaka Ikwiriri, akasimama pembeni. Gurudumu lilikuwa la moto, halishikiki. Hapa, jamaa zangu, ndipo ningependa ningekuwapo nimshike mkono. Muda ulikuwapo. Watu wa kumsaidia kuinua tela walikuwa wamejaa pale wakinywa chai. Grisi alikuwa ameikalia. Lakini akalitazama jua, akajiambia kwamba akilifungua atachafuka siku ya harusi ya mwanawe, heri alifungue akishafika. Akachukua dumu la maji akamwaga. Maji yakachemka, mvuke ukapanda, gurudumu likanyamaza. Mama ntilie mmoja akamuuliza kama tela lake ni zima. Akamjibu kwamba lilikuwa na kiu tu.

Barabara ya vumbi ya kwenda Mkongo inapita penye vichaka virefu, na saa ya sala ya Ijumaa ikikaribia watu huadimika. Gurudumu halikulia tena hata mara moja. Abbasi akaanza kughani kaswida kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye mteremko mmoja akasikia mkwaruzo, tela likavuta upande, halafu akaona gurudumu linampita. Ndiyo, lilimpita upande wa kushoto, linakimbia lenyewe kama mtoto aliyetumwa dukani, likaingia majanini likalala.

Nyuma yake tela likaporomoka. Ekseli ikachimba vumbi, kamba zikakatika, kitanda cha mninga kikaangukia kabati, na masufuria yakabiringika mteremkoni moja baada ya jingine. Abbasi hakuumia. Alishuka, akataka kulifungua trekta aende nalo bila tela, lakini pini inayoviunganisha ilikuwa imepinda, haikutoka kwa nyundo wala kwa dua. Kutembea peke yake hakuthubutu; tembo walikuwa wamepita hapo karibuni, kinyesi chao kilikuwa bado kibichi katikati ya njia. Na hata angethubutu, angeviachaje vyombo vya mwanawe porini?

Akampigia simu Saidy, mdogo wake. Saidy akasema anatafuta gari, ila yote yamekwenda kuchukua watu wa upande wa mume. Kule Mkongo wakamsubiri. Sala ikaswaliwa, wakaendelea kumsubiri. Shehe akaanza kutazama mlangoni, wageni wa mbali wakaanza kuulizia usafiri, na bwana harusi alitakiwa kuondoka na mkewe siku ileile. Kule porini haikupita hata bodaboda. Alasiri ilipokaribia Saidy akapiga.

"Kaka, watu hawawezi kukaa zaidi," alisema. "Nipe uwakala nimuozeshe mimi. Ama sivyo tuahirishe, na aibu itakuwa ya mtoto."

Abbasi akakaa chini, juu ya ule mchago uliopasuka. Alitamani Saidy aseme neno jingine. Kisha akasema, na shehe akimsikia simuni, "Mimi Abbasi nimempa uwakala mdogo wangu Saidy, amuozeshe binti yangu Mwajabu." Akaomba simu isikatwe.

Basi akasikiliza. Alisikia mlango ukifunguliwa, wanawake wakinyamazishana. Alimsikia Saidy akimuuliza Mwajabu kama ameridhia, swali lilelile alilokuwa amelifanyia mazoezi njia nzima. Mwajabu hakujibu, na kwa mwali kutojibu huchukuliwa kuwa ndiyo. Vigelegele vikapigwa mpaka simu ikakwaruza. Baadaye sauti ya bwana harusi, kijana asiyemfahamu vizuri, ikasema amekubali. Kisha mtu akaiweka simu mahali akaisahau, na kilichobaki kusikika ni watu wakila na kucheka.

Jua lilikuwa limeegemea magharibi lilipofika gari dogo la mizigo, likiendeshwa na Khamisi, kaka wa bwana harusi. Alikuwa kijana wa heshima. Alimwamkia, akampa pole, akamkabidhi pilau aliyofungiwa na akina mama, wakapakia vyombo pamoja. Abbasi akauliza maharusi wako wapi. Khamisi akasema wameshaondoka kuelekea Mloka, nyumbani kwa mume, vyombo vitawafuata.

"Alisemaje?" Abbasi aliuliza. "Alikasirika? Alilia?"

"Hapana, mzee," Khamisi alijibu, akidhani anamfariji. "Kasema tu, mwambieni baba asijali."

Abbasi akashikilia ubavu wa gari. Angetukanwa angevumilia. Mwanawe angemwambia kwamba amemvunja moyo, angepiga magoti palepale vumbini akamwomba radhi. Lakini neno lile la asijali alilijua. Zabibu alianza kulisema mwaka ule kabla hajaondoka. Akaona wazi sasa kwamba maisha yake yote amekuwa akimwagia maji kila kinacholia mbele yake, na kila kikinyamaza anadhani kimepona. Na mtoto naye alikuwa amenyamaza.

Gari likaondoka na vyombo. Yeye akabaki kulinda trekta mpaka fundi apatikane. Akaenda majanini, akalisukuma gurudumu, akaliegemeza kwenye tela. Akalitoa lile kopo la grisi chini ya kiti, akalifungua. Grisi ilikuwa ya manjano, safi, haijaguswa hata na kidole. Gololi zilikuwa zimesagika na ekseli imekwanguka, hapakuwa na pa kuipaka. Akakaa pale na kopo wazi mapajani, kanzu mpya ikiwa bado ndani ya mfuko wake.

Siku hizi mkipita Mohoro mtamwona. Kabla ya kila safari analiinua tela kwa jeki, analizungusha gurudumu kwa mkono na kutega sikio, kisha analifungua, anazisafisha beringi kwa mafuta ya taa, anazijaza grisi mpya. Mwalimu Nicolaus sasa analala mpaka jua litoke. Na kila Ijumaa baada ya sala Abbasi anampigia mwanawe simu, anamuuliza kama kuna kinachomsumbua, kama kuna lolote analomlaumu. Mwajabu humjibu kwa adabu, "Hakuna, baba. Sisi wazima." Abbasi husubiri kidogo, akitumaini kuna neno litakalofuata, halafu humuaga.

FUNZO

Wenye matela, acheni kunywesha magurudumu. Kabla ya safari ndefu, na kila baada ya kupita majini, inueni, fungueni, osheni, pakeni grisi. Kama gurudumu ni la moto mkisimama, msiendelee na safari. Kazi hiyo haimalizi hata asubuhi moja, na kuiahirisha kulimnyima Abbasi siku ambayo hairudi.

Lakini funzo kubwa liko ndani ya nyumba zetu. Tuna tabia ya kudhani kwamba asiyelalamika ameridhika. Mke anaposema, mtoto anaposema, tunawapoza kwa zawadi na ahadi ili tusisikie kelele, na wakinyamaza tunajisifu kuwa tuna amani. Jamani, anayekulalamikia bado anakutegemea. Ogopa siku atakapokuambia usijali.

Kwa hiyo kama nyumbani kwako leo yupo anayelalamika, usimpelekee kanga wala usimwambie utaangalia. Kaa chini umsikilize mpaka amalize, kisha uinuke ukafanye alichokuomba.