Habari Aliyoisoma Mrunal

Kila asubuhi katika shule ya Devkheda, baada ya sala na wimbo wa taifa, mwanafunzi mmoja alipanda jukwaani kusoma habari za siku. Walifanya hivyo kwa zamu, na mwenye zamu alinakili vichwa vya habari kutoka kwenye gazeti lililobandikwa nje ya ofisi. Kusema kweli, habari zenyewe ziliwachosha wengi. Nani anataka kusikia bei ya vitunguu asubuhi na mapema, tena akiwa amesimama?

Siku ya zamu ya Mrunal Gavhane gazeti halikufika, kwa sababu basi lililoleta magazeti kutoka mjini liliharibika njiani. Mrunal hakusikitika hata chembe. Juma lililopita mwenzake Omkar alisoma habari za chombo kilichorushwa angani, akapigiwa makofi na shule nzima, na tangu hapo alikuwa akitembea kifua mbele. Mrunal alikuwa na kitu cha kumshinda. Asubuhi hiyo, wakati wa chai nyumbani, alikuwa amesoma ujumbe kwenye simu ya mama yake, katika kundi la ukoo wao: wezi wa watoto wameingia wilayani, wanajifanya wachambuaji wa pamba. Mwisho wake uliandikwa, "Watumie wote unaowapenda." Hapakuwa na jina la mwandishi wala la mtoto aliyeibwa.

Mwalimu Kamble, msimamizi wa mstarini, alikuwa akihangaika na kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma, kwa hiyo hakumwuliza habari ameitoa wapi. Mrunal aliisoma taratibu, kwa sauti nzito kama ya mtangazaji. Wadogo wa darasa la kwanza wakashikana mikono, naye Mrunal akafurahi moyoni.

Furaha hiyo iliisha alipofika nyumbani jioni. Bibi yake alikuwa amesimama mlangoni, hana amani. Mchana alikuwa amempa mchambuaji wa pamba, Yakub Mansuri, mfarishi wake, blanketi nene lililojazwa pamba, aufumue na kuichambua pamba upya kabla baridi haijakaza. Yakub alikuja Devkheda kutoka mkoa wa mbali kila mwaka baada ya sikukuu ya taa, amebeba begani upinde mrefu wa kuchambulia pamba, na mlio wa uzi wake ulisikika tangu mtaa wa pili. Sasa mlio ulikuwa umekatika, na kutoka upande wa kisima zilisikika kelele za wanaume.

"Wanasema ameiba mtoto," bibi alisema. "Yakub huyuhuyu! Mifarishi ya harusi ya baba yako aliijaza yeye."

"Nani anasema, bibi?"

"Watoto wameleta habari majumbani. Eti imesomwa shuleni."

Mrunal alitamani kuingia ndani, ajifunike, asisikie lolote. Akisema kweli, mtaa mzima utamcheka, na pengine atafukuzwa shule. Asiposema, mtu atauawa pale kisimani, na yeye ndiye atakayekuwa amemuua. Akatupa mkoba na kukimbia.

Langoni mwa shule alimkuta Mwalimu Kamble akitoa baiskeli yake. Akamweleza yote kwa pumzi moja huku akilia. Mwalimu hakumkemea. Aliwapigia polisi simu, akaiacha baiskeli palepale, wakakimbia wote wawili hadi kisimani.

Yakub alikuwa ameketi chini, pamba zimemjaa kichwani na ndevuni, damu inamtoka puani. Upinde wake ulikuwa umevunjwa vipande viwili. Dinkar, kinyozi wa mtaa, alimshika mkono msichana mdogo aliyekuwa akilia kwa kwikwi, akimwuliza baba yake ni nani. Mtoto hakuijua lugha ya Devkheda hata neno, akazidi kulia. Watu wakasema, mnaona, angekuwa wake angejibu. Mmoja alikuwa ameinua fimbo, na mwingine ameinua simu apige picha.

Mwalimu Kamble aliwasihi wasubiri polisi, lakini Dinkar alimkata kauli. "Mwalimu, si nyinyi wenyewe mliotangaza? Leo mnageuka?"

Mrunal akapanda kwenye ukingo wa kisima.

"Niliyetangaza ni mimi," alisema. "Haikuwa gazetini. Niliitoa kwenye simu ya mama, na simjui aliyeiandika. Nilitaka nipigiwe makofi tu."

"Wewe mtoto, unajua nini?" Dinkar alifoka.

"Sijui kitu, mjomba. Lakini niambie, ni mtoto wa nani amepotea hapa kwetu?"

Watu wakatazamana. Kila mmoja alingoja mwenzake ataje jina, na hakuna aliyelitaja. Mkono wa Dinkar ukalegea. Mtoto akachoropoka, akamkimbilia Yakub na kumkumbatia shingoni, akajificha uso ndevuni mwake pamoja na zile pamba. Hapo hapakuhitajika mkalimani. Fimbo ikashushwa, na polisi walipofika wengi walikuwa wameshaanza kuondoka wakiangalia chini.

Yakub hakumlaani mtu. Alimfunga binti yake mgongoni, akaviokota vipande vya upinde, akampelekea bibi mfarishi wake mlangoni na kumwomba radhi kwamba hataweza kuumaliza. Kisha akaenda zake, wala hakugeuka nyuma.

Kesho yake Mrunal alipanda tena jukwaani na kusema kwamba habari ya jana ilikuwa ya uongo. Safari hii hakupigiwa makofi. Mwalimu Kamble akasimama kando yake.

"Mimi pia nina kosa, sikuuliza," alisema. "Sikilizeni, wanangu. Simu inakuletea maneno ya watu usiowajua, lakini ukiyasema wewe, yanakuwa maneno yako. Kabla hujayapeleka kwa mwenzako, uliza nani kasema, na kajuaje. Usipopata jibu, yaishie kwako. Maji yakimwagika hayazoleki."

Baridi ilikuja kali mwaka ule. Bibi alijifunika shali mbili, na mfarishi wake ukabaki pembeni, umefumuliwa nusu. Kila jioni Mrunal alitega sikio kuelekea mtaa wa pili. Mlio wa upinde haukusikika.