Fungu la Soumaya

Lori la Massoudi lilirudi Bujumbura siku ya Ijumaa, likiendeshwa na mtu mwingine. Massoudi alikuwa amezikwa Kahama. Moyo wake ulisimama akiwa njiani kutoka Dar es Salaam, na madereva wenzake wakamsalia huko huko. Dereva mgeni alimkabidhi mjane wake, Asiya, begi la nguo, kofia na chupa ya chai. Ndani ya chupa bado mlikuwa na chai. Asiya aliimwaga mwenyewe, akaiosha chupa, akaifunika.

Kisha akakaa eda, miezi minne na siku kumi za mjane kutulia nyumbani. Wanawake wa mtaa wao wa Buyenzi walikuja, wakakaa mkekani, wakapika na kulia naye. Walipoondoka, nyumba ilibaki na Asiya na binti yake wa pekee, Soumaya, aliyekuwa darasa la saba. Baba yake alikuwa amemwahidi kumpeleka chuo kikuu asomee uuguzi. Ahadi hiyo sasa ilikuwa ya Asiya.

Massoudi aliacha akiba katika benki moja ya Dar es Salaam, kwa sababu huko ndiko alikolipwa. Shehe aligawa mirathi. Tajudini, mdogo wa marehemu na muuza vitenge, alipata fungu lake. Asiya na Soumaya walipata yao.

Siku chache baadaye Tajudini alikuja. Alikaa barazani, Asiya ndani, pazia katikati yao.

"Shemeji, unaendeleaje?"

"Tunamshukuru Mungu. Chai iko."

"Chai baadaye. Kuna kitu kinaitwa ETF. Ulaya kila mutu anaweka pesa humo. Sasa kuna bwana mumoja katika kundi letu la WhatsApp, anatupokelea. Miezi mitano tu, pesa inakuwa mara mbili."

"Mara mbili? Hakika?"

"Hakika kabisa! Mi nimeshatuma yangu yote. We uko kwenye eda, mambo ya pesa hayakuhusu sasa. Tia sahihi hapa, mi nitasimamia fungu lako na la mutoto."

Karatasi ilipita chini ya pazia, na kalamu juu yake. Asiya aliishika kalamu. Tangu utotoni alisikia kwamba mwanamke wa eda hajishughulishi na mali. Lakini neno "mutoto" lilimzuia mkono.

"Hii ni mali ya yatima," alisema. "Nipe mpaka kesho."

Jioni alimpigia shehe simu. Shehe alicheka kidogo. "Mama Soumaya, eda ina masharti yake. Lakini mali yako ni yako. Uliza, fikiri, amua."

Basi akamwita Concilie, jirani wa ukuta mmoja. Concilie hufanya kazi katika ofisi moja ya mtaa wa Rohero inayofundisha watu kuweka akiba na kununua hisa. Alikuja na sahani ya ndagala, dagaa wa ziwani, akavua viatu mlangoni.

"ETF ni uongo?" Asiya aliuliza.

"Apana, dada. ETF ni kitu cha kweli. Yule bwana ndiye namuogopa." Concilie alikaa vizuri. "Hisa ni kipande cha kampuni. Ukinunua hisa za kampuni moja na ikaanguka, unaanguka nayo. ETF ni mfuko. Ndani yake mna hisa za kampuni nyingi: ya simu, ya saruji, ya usafirishaji. Ukinunua kipande kimoja cha mfuko, unapata kidogo cha kila kampuni. Kipande hicho kinauzwa katika soko la hisa, na bei yake inaonekana kwa watu wote."

"Na faida?"

"Kampuni zikifanya vizuri, bei inapanda. Zikifanya vibaya, inashuka. Kuna miaka ya kupoteza. Mutu akikuahidi mara mbili kwa miezi mitano, huyo hauzi ETF. Anauza jina la ETF tu."

Kesho yake Tajudini alimkuta Concilie amekaa barazani.

"We ni Mukristo," alimwambia, "mirathi ya Waislamu unaitafutia nini?"

"Mirathi nimewaachia nyinyi. Mi nimefuata chai," alisema Concilie. Soumaya alicheka nyuma ya pazia. Concilie akaendelea: "Shemeji, soko kuu lilipoungua, vitenge vyako vilikuwa wapi?"

"Unajua vizuri. Vyote sokoni."

"Na wale waliokuwa na duka jingine hapa Buyenzi?"

Kila mtu mjini anakumbuka ule moshi. "Hao walianza tena," alisema Tajudini.

"Sasa pesa yote umempa mutu mumoja. Ana leseni? Ulilipa kwenye akaunti ya kampuni, au kwenye simu yake?"

"Kwenye simu. Ni rahisi zaidi."

Karatasi ilirudi chini ya pazia, haina sahihi.

"Apana, shemeji," alisema Asiya.

"Mwaka ujao utalia!"

"Nimeshalia mwaka huu."

Tajudini aliondoka bila kunywa chai.

Asiya hakukaa bure. Kwa simu alimtafuta wakala wa soko la hisa la Dar es Salaam. Kabla ya kumwamini, alipiga simu kwa wasimamizi wa soko wenyewe, wakathibitisha leseni yake. Aliomba aambiwe kila kampuni iliyomo ndani ya mfuko. Mfuko wa kwanza ulikuwa na kiwanda cha bia.

"Huo siutaki," alisema.

"Lakini mama, unafanya vizuri sana," wakala alimwambia.

"Ufanye vizuri kwa wengine."

Alisubiri mpaka akapata mfuko uliochujwa, usio na pombe wala riba. Aliuliza pia ada ya wakala na ada ya kuendesha mfuko, kwa sababu Concilie alimwonya kwamba ada kubwa hula faida kimya kimya.

Eda ilipokwisha, alipanda basi kwenda Dar es Salaam pamoja na Soumaya. Njiani walishuka Kahama, wakasoma dua kaburini. Pesa ya chakula, ya kodi na ya ugonjwa Asiya aliiacha benki. Fungu la Soumaya alilielekeza kwenye mfuko, akinunua kidogo kidogo, ili asinunue vipande vyote siku ambayo bei iko juu.

Kundi la WhatsApp lilifungwa kabla miezi mitano haijatimia. Simu ya yule bwana haikupatikana tena. Tajudini alikuja, akakaa barazani, kichwa chini.

"Sema tu, shemeji. Unicheke."

"Kula kwanza," alisema Asiya. "Kisha Concilie atakusindikiza polisi ukashitaki."

Baadaye bei ya mfuko ilishuka. Soumaya aliiona kwenye simu, akaogopa.

"Mama, tuuze! Pesa zinaisha!"

"Pesa hizo tunazihitaji mwaka huu?"

"Apana."

"Mwaka ujao?"

"Apana. Mpaka chuo kikuu."

"Basi ziache zifanye kazi. We nenda ufanye yako, una hesabu kesho."

Bei ilikaa chini miezi kadhaa. Kisha ikaanza kupanda polepole, ikapita ile waliyonunulia.

Sasa Asiya anauza sambusa asubuhi mbele ya nyumba. Soumaya yuko darasa la nane. Fungu lake liko Dar es Salaam kwa jina lake, chini ya usimamizi wa mama yake, na limegawanyika katika kampuni nyingi. Halitaguswa mpaka aanze uuguzi.