Viatu vya Theluji vya Kishiwa

Basi dogo la kutoka Kilosa lilipofika Dumila, wauza vitunguu na mahindi ya kuchoma walilizingira kabla halijasimama sawasawa. Kishiwa aliwapita wote. Alikuwa amevaa sketi ya kitenge cha bluu na blauzi nyeupe ya kazini, nywele amezisuka mistari ya kurudi nyuma, na alikwenda moja kwa moja kwenye turubai la viatu vya mtumba. Hakugusa raba wala sendo. Alichuchumaa, akanyanyua kiatu kimoja cha plastiki nyekundu, kizito na chenye vibanio vinne, ambacho muuzaji alikiweka pembeni ili upepo usipeperushe turubai.

"Kaka, habari za kazi. Mwenzake yuko wapi?"

"Nzuri, dada. Yuko kona ile, anafanya kazi hiyohiyo," alijibu muuzaji, Rafaeli. "Miaka miwili ninavyo, na wewe ndiye wa kwanza kuviulizia. Unakwenda kulimia mpunga?"

"Nakwenda kutelezea kwenye theluji."

Rafaeli alimtazama usoni atafute utani. Hakuuona, akaenda kona ile kumchukua mwenzake.

Kishiwa alikuwa binti wa Mzee Shimba wa Kidete, mfugaji aliyehamia huko na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Mwenyewe alifanya kazi ya usafi wa vyumba katika hoteli moja ya watalii Mikumi. Mwenye hoteli, Bi Greta, alikuwa mzee wa kutoka milima ya Austria, na mpwa wake huko alikuwa na shule ya kufundisha watoto kuteleza kwenye theluji kwa zile mbao mbili nyembamba ziitwazo skii. Shule ilitafuta msaidizi wa msimu mmoja wa baridi. Bi Greta alikuwa ameona jinsi watoto wa wageni walivyomng'ang'ania Kishiwa, akasema atamfundisha yeye mwenyewe, kisha mwisho wa Novemba ataandika kama anafaa au hafai. Skii alikuwa nazo stoo, lakini viatu kila mtu huvaa vyake. Marciana, mfanyakazi mwenzake Kishiwa, ndiye aliyesema ameviona viatu vya namna hiyo Dumila.

Katika mtumba kuna kanuni ambayo hakuna anayeibishia: chukua kikubwa kidogo, soksi itajaza. Rafaeli alimvalisha, akapenyeza kidole nyuma ya kisigino, kikaingia bila shida, akaridhika.

"Vimekukaa, dada."

Kanuni hiyo imewafaa watu wengi, lakini haikutungwa kwa ajili ya theluji. Wiki mbili baadaye simu ya Rafaeli iliita.

"Wewe ndiye Rafaeli wa viatu?"

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Uliyemuuzia mitumbwi. Nimeanguka kwenye nyasi nikijifunza, mpaka kifundo cha mguu kimevimba."

"Pole sana, dada. Naomba nije nivione mwenyewe."

"Huna wateja?"

"Ninao. Ila hawajaanguka."

Alikwenda Mikumi Jumapili, amevaa shati lake la pekee la mikono mirefu. Bi Greta, aliyetembea kwa fimbo kwa sababu ya nyonga, alimsalimu kwa Kiswahili chake cha miaka thelathini, kisha akampa somo. Alichomoa kiatu laini cha ndani, akamwambia Kishiwa aingize mguu kwenye gamba tupu mpaka vidole viguse mbele. Nyuma ya kisigino palitakiwa nafasi ya kidole kimoja. Paliingia vitatu. Ukirudisha kile cha ndani, alisema, kisigino hakitakiwi kunyanyuka hata kidogo, kwa maana mguu ndio unaoiambia skii pa kwenda. Namba iliyoandikwa ilikuwa sentimita za mguu. Hivi vilikuwa ishirini na sita, na mguu wa Kishiwa ulikuwa ishirini na nne.

"Nitakutafutia ishirini na nne," alisema Rafaeli. Macho yake hayakuwa kwenye viatu.

Tangu hapo hakukosa Jumapili. Babu yake alikuja Kimamba kukata mkonge, na Rafaeli aliwajua watu waliokuwa bado wanatengeneza brashi za katani. Akaleta mafungu kwa mafungu, akayapigilia kwenye mbao na kuzilaza kwenye mteremko nyuma ya hoteli, hatua arobaini kwenda chini. Zikimwagiwa maji, skii iliteleza. Bi Greta alisimama kando akiziangalia muda mrefu, akasema kwao nako kiangazi watu hujifunzia juu ya brashi.

Kishiwa alitaka skii ndefu zilizopamba ukuta wa baa. Bi Greta akampa fupi, za kumfika kidevuni. Mafundisho yalikuwa machache na yalirudiwa kila siku: kunja magoti, egemeza ugoko mbele ya kiatu, kutanisha ncha na kupanua mikia ukitaka kupunguza mwendo, weka uzito mguu wa nje ukitaka kukata kona. Na usitazame miguu.

"Nitazame nini?" aliuliza Kishiwa.

"Mtazame huyo aliyesimama chini," alisema Bi Greta. Rafaeli, aliyesimama chini na ndoo, akamwaga maji kwenye viatu vyake mwenyewe.

Wakapendana. Sitazunguka, walipendana sana. Jioni walipigiana simu, Rafaeli akiwa anakunja turubai na Kishiwa akiwa anakunja mashuka.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Umepata ishirini na nne?"

"Bado, mama. Natafuta."

Mwanzoni ilikuwa kweli. Lakini mwanzoni mwa Novemba Rafaeli alifungua belo la viatu Kilosa, na katikati ya raba akavikuta: vya kijivu, vibanio vizima, chini pameandikwa ishirini na nne. Alivishika mapajani muda mrefu. Aliiona ndege, aliiona milima, alimwona Kishiwa akicheka na watu asiowajua. Akavifunga kwenye kiroba, akavificha chini ya kitanda chake. Simvishi kilemba cha ukoka: hakupitiwa, alidhamiria. Jioni simu ilipoita, akasema bado.

Kishiwa aliendelea na vyekundu, akavijaza vipande vya godoro. Kisigino kilinyanyuka kila alipoinama, mwili ukarudi nyuma, skii zikaenda zilikotaka. Wiki tatu hakuwahi kukata kona ya kushoto bila kuanguka. Bi Greta aliacha kumsahihisha, na hilo lilikuwa baya kuliko karipio.

Jumapili ya mwisho ya Novemba, siku ambayo Bi Greta angeandika, Kishiwa alianguka mara tatu. Ya tatu hakuinuka. Alikaa juu ya katani iliyolowa, suruali imechanika gotini, akamtazama Rafaeli aliyekuja kumwinua.

"Niache. Viatu nimevisingizia vya kutosha. Mimi ndiye nisiyefaa," alisema kwa sauti ya chini. "Baba alisema haya si mambo yetu, nikamwona hajui. Nitamwambia Bi Greta asiandike."

Rafaeli alikuwa amelitamani jambo hilo wiki tatu. Sasa amelipata, na aliliona uso kwa uso. Kishiwa angebaki, lakini angebaki akijidharau, naye angeishi na mwanamke huyo akijua aliyemvunja ni nani.

"Unafaa," alisema. "Viatu vyako ninavyo. Ninavyo wiki tatu."

"Sijakuelewa."

"Niliviona Kilosa, nikavificha. Nilitaka ushindwe, ubaki. Leo nimekuja navyo kwenye begi na nilikuwa sijui kama nitavitoa."

Kishiwa hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, akapewa begi, akavivaa mwenyewe, akabana vibanio vyote. Alipanda juu bila kushikwa. Alishuka akikata kulia, akakata kushoto, akasimama mbele ya Bi Greta na magoti yamekunjwa kama alivyofundishwa.

"Nitaandika kwamba unafaa," alisema Bi Greta.

Rafaeli alisubiri. Kishiwa alimpita bila kumtazama.

Hakupokea simu zake siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu, ikiwa imebaki siku moja kusafiri, alishuka Dumila akiwa na koti jipya mkononi.

"Mtu akinizuia waziwazi mlangoni, nitagombana naye na yataisha," alisema. "Wewe ulinifanya nijione mjinga, halafu ukanipigia simu kuniuliza kama nimekula."

"Ni kweli. Sina la kujitetea."

"Nimeumia, Rafaeli. Na bado nakupenda, ndiyo maana nimekuja. Ahadi sikuachii. Kitu kimoja tu: nikikuuliza neno, uniambie lilivyo, hata kama linakuaibisha."

"Nitakuambia."

Kishiwa alipiga simu kutoka Austria mwezi wa nne, mchana, akihema. Watoto walisikika nyuma yake wakimwita kwa jina, wakilitamka vibaya. Alikuwa na kundi lake la watoto tisa. Aliwaambia wote wasitazame miguu.

"Wamenitaka nibaki mwaka mmoja, nisomee ualimu wenyewe wa skii," alisema. "Nakuuliza. Unataka nini?"

Rafaeli aliinuka kutoka kwenye turubai, akasogea mbali na wateja. Jibu zuri alilijua. Lilikuwa tayari mdomoni, lingemfanya aonekane mtu mwema.

"Nataka urudi," alisema. "Nataka urudi wiki hii. Huo mwaka siutaki hata kidogo. Nikikuambia baki, nitakuwa nakudanganya."

Watoto walimwita tena Kishiwa, akawaambia wasubiri.

"Asante," alisema Kishiwa. Alikuwa analia. "Basi nitabaki, Rafaeli. Nataka kusoma. Na wewe nenda Kidete, ukamwamkie baba vizuri, umwambie umekuja kuposa. Akikuuliza kama binti mwenyewe amekubali, mwambie amekubali, na kwamba utamsubiri huo mwaka."