Kifungio cha Mashine ya Marehemu

Mashine ya kukimbilia bila kufika popote ni upuuzi wa matajiri wa Himbi. Sisi wa Murara tunatembea bure. Rafiki yangu Benny, fundi, aliitwa huko mchana kutengeneza kifungio kinachoishikilia ikiwa imekunjwa.

Mwenye mashine, Papa Munguakonkwa, alikuwa ameshazikwa. Muzee yule munene hata misa ya kanisa la jirani alikwenda kwa gari lake la jeep, na mashine aliitumia kuanikia mashati. Pembeni yake viatu vyake vya michezo vilikuwa vipya, karatasi za duka zingali ndani.

“Kifungio ni kizima, mama,” Benny akamwambia mjane.

“Kaza tu, papa. Kinajifungua.” Akatoka, akarudisha mlango.

Benny akaikunja mashine, kifungio kikalia “kwa!” Papo hapo umeme ukakatika, na chumba hakikuwa na dirisha. Gizani akasikia kifungio kikiachia, mashine ikishuka, kisha hatua nzito na pumzi za mutu munene. Benny, bingwa wa kujisifu, akaganda ukutani.

Umeme uliporudi, mashine ilikuwa imekunjwa na kufungwa. Benny akaokota viatu. Soli zilikuwa zimelika, na ndani mulikuwa na joto, kama vimevuliwa sasa hivi.