Kila Mvua Kubwa Ikinyesha

"Usisaini!"

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Nesi aliinua macho akamtazama mchumba wake, fundi mwashi ambaye mtaa mzima ulimwita Timazi, kwa kuwa hapandishi ukuta bila kuning'iniza uzi wake apime kama umenyooka. Alikuwa kasimama mlangoni pa nyumba inayouzwa, jasho likimtiririka.

Akiba ya miaka kumi na mitatu ya zamu za wodini ilikuwa inasubiri sahihi hiyo. Nyumba ya ghorofa, vyumba sita vya kupangisha, rangi mpya, vigae vinang'aa. Hapo ndipo alipotaka kuanzia, mtaji wake ugeuke kitu kinachosimama.

"Kuna nini?"

"Nimeikagua. Haifai."

"Ina ufa?"

"Haina."

"Inavuja?"

"Haivuji."

Mzee mwenye nyumba akacheka. "Binti yangu, wapo wanaume wasiotaka mke mwenye nyumba. Saini, mama."

Maneno hayo yalitonesha kidonda. Katika miaka miwili ya uchumba wao, kila mvua kubwa ikinyesha, Timazi alikuwa anapotea. Simu hapokei. Miezi miwili tu iliyopita alimwandikia: "Uko wapi na mvua yote hii?" Jibu lilikuja baada ya saa tatu: "Nitakuja." Mashoga zake walikuwa wameshahukumu: huyo ana mwingine.

"Nipe sababu moja," alisema. "La sivyo nasaini, na pete yako uichukue."

Timazi alivua kofia.

"Nyumba hii nimeijenga mimi."

Mzee akaacha kucheka.

"Ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Kila nguzo ilitakiwa nondo nne. Mzee huyu akaniambia weka mbili, zege likishafunika nani ataona? Nilikuwa na njaa ya kazi. Nikaweka mbili. Tangu siku ile sijapunguza hata msumari kwenye kazi ya mtu."

Nesi aliiweka kalamu chini.

"Na mvua? Unapopotea..."

"Huwa nakuja hapa. Nasimama ng'ambo ya barabara mpaka ikatike. Mpaka mwezi uliopita watu walikuwa wanaishi humu, mpenzi. Nilijiambia nikiona dalili tu, nikimbie kuwatoa."

"Kwa nini hukuwaambia wao? Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Aibu. Niliogopa kukupoteza."

Nesi alikasirika, tena sana. Watu wangekufa. Lakini miaka yote miwili alikuwa akimwonea wivu mwanamke asiyekuwepo, kumbe mtu wake alikuwa akilowa peke yake, akiilinda nyumba isiwaangukie watu. Na leo kaianika aibu yake mbele ya mzee aliyemtuma, ili mtaji wa Nesi usipotee. Hakuwahi kuona ujasiri wa namna hiyo.

"Maneno matupu," mzee alifoka. "Wateja wako tele."

"Ndiyo maana naichukua mimi, asije akalala mtu humu tena," Nesi alisema. "Kwa bei ya kiwanja. Jengo nalihesabu kifusi. Ukikataa, leo hii tunakwenda wote watatu kwa mkaguzi wa majengo."

Timazi aliduwaa. Mzee aliikata bei kwenye karatasi, akaandika nyingine.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, Timazi, akiwa ameshaitegemeza ghorofa kwa magogo, alipiga nyundo ya kwanza kwenye nguzo. Zege lilimeguka kama mkate mkavu, na vyuma viwili vyembamba vikachungulia. Nesi alivishika. Familia nzima nzima zilikuwa juu ya hivi tu.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Ilisimamaje?"

"Hata mimi sijui."

Wote wawili walitazama juu, kwenye ghorofa.

"Umenunua vumbi," Timazi alisema.

"Nimenunua ardhi. Pesa iliyobaki inatosha vyumba viwili. Hivyo vitavuta vingine, haba na haba."

"Nani atajenga?"

"Mume wangu."

"Mume?"

"Jumapili nenda kwa shangazi yangu aliyenilea, ukataje siku ya ndoa. Na ukifika, mweleze habari ya nyumba hii kwanza, kwa mdomo wako mwenyewe. Akikukubali baada ya hapo, mimi nilishakubali."

Mwanamume mzima alikaa chini, kwenye vumbi la zege, akalia. Nesi akaketi kando yake, na gauni lake safi, akamshika mkono.