Mizani Haiweki Kahawa Kwenye Gunia

Maneno yalianza kijijini Nyanga, nje ya kanisa, Jumapili ambayo wauguzi walikuja kupima presha bure. "Ile mashine inayobana mkono ndiyo inayotia presha. Mtu anaingia mzima, anatoka mgonjwa."

Aliyeyasema ni Karugendo, mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake. Kemilembe alijaribu kuyapuuza, yakagoma kumtoka kichwani. Mumewe Gozbert alikuwa tayari kwenye foleni, amekunja mkono wa shati. Kemilembe akamvuta.

"Twende nyumbani, Baba Joyness. Ukipewa ugonjwa, shamba nitalima na nani?"

Gozbert akacheka, akamfuata. Kisogo kilikuwa kikimuuma tangu wavune kahawa. Wakasema ni jua.

Haukupita muda mrefu, wakaenda Muleba kumzika shangazi yake Gozbert. Waombolezaji walikuwa wakipitishiana kahawa ya kutafuna, kama desturi ilivyo. Gozbert akainuka akasaidie kuchimba kaburi. Macho yakaingia giza. Akashika ukuta, akateleza mpaka chini.

Wakamkimbiza kituo cha afya. Na kwenye benchi la wagonjwa wa presha, nani ameketi pale, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi? Karugendo! Mkononi ana pakiti ya vidonge.

"Mzee Karugendo! Ni wewe?"

"Polepole, mama. Watu wanasikia."

"Wasikie! Si ulisema mashine inatia presha?"

Karugendo akainama. "Siku ile waliniita nipimwe wa kwanza, mbele ya watu wote. Wakijua ninaumwa, watasema nimekwisha. Nikatafuta pa kutokea. Dawa nazifuata huku, ambako hawanijui."

"Kwa hiyo wewe unameza vidonge, na mume wangu anaanguka msibani! Sisi tufe ili wewe usichekwe?"

Muuguzi Renatha akatoka. "Mama, mgonjwa kwanza. Ugomvi utaukuta hapa hapa."

Akampima Gozbert. Presha ilikuwa juu sana.

"Baba, umetafuna kahawa?"

"Nimetafuna. Ni msiba, dada."

"Kahawa inaweza kuipandisha kidogo. Pumzika, tutarudia."

Alipopumzika wakapima tena. Bado ilikuwa juu.

"Umeona?" Kemilembe akanong'ona kwa hofu. "Mashine imeshamtia."

"Mama," Renatha akasema, "mkipeleka kahawa kwenye chama cha ushirika, mizani ikasoma gunia zito, mizani ndiyo imeweka kahawa?"

"Hapana. Kahawa tumeileta wenyewe."

"Na presha amekuja nayo mwenyewe. Mashine inasoma tu. Wengi hawasikii maumivu yoyote, mpaka kiharusi kinawaangusha. Kupima ndiko kunakoiumbua mapema."

Kemilembe akakumbuka jinsi alivyomvuta mumewe kutoka kwenye foleni. Machozi yakamtoka, ya uchungu na ya hasira pamoja.

Daktari akamlaza Gozbert mpaka presha iliposhuka, akamwandikia dawa. Waliporudi kijijini, Kemilembe alimwendea Karugendo. "Uongo uliusema kanisani. Utaufutia kanisani. Usiposema ukweli wewe, nitausema mimi."

Wauguzi waliporudi Nyanga, Karugendo alitangulia kwenye kiti. Akanyoosha mkono. "Mimi nina presha," akasema kwa sauti, "na niliwadanganya."

"Ah, mzee!" Bibi Alistidia akafoka. "Ungetuua!" Kisha akajipanga nyuma yake. Foleni ikafika barabarani.

Gozbert anameza dawa kila siku. Juzi alikata migomba tangu asubuhi, akipiga mluzi. Kemilembe bado anamsalimia Karugendo kwa kifupi.

Wewe unayesoma haya, jiepushe na mambo haya:

Usikatae kupimwa kwa sababu ya maneno ya watu.
Usitafune kahawa wala kuvuta sigara muda mfupi kabla ya kupimwa.
Usiongeze chumvi mezani, hata kwenye senene.
Usilewe.
Usiache dawa kwa kuwa unajisikia nafuu.
Usimeze dawa ya jirani, wala usimpe yako.
Usifiche ugonjwa wako kwa kuwadanganya wenzako.